Azimio Lisilotengewa Fedha Humwita Askari

Ni jambo lisilofichika kwamba wengi wetu tuvaao sare, tunaposikia kuwa Baraza la Jiji la Kampala limekutana kujadili makisio ya fedha na mpango wa matumizi ya ardhi, huugeuza ukurasa wa gazeti na kutafuta habari za mpira. Huona kwamba hayo ni mambo ya madiwani, wafanyabiashara na wenye viwanja, na kwamba kazi ya askari ni kushika zamu yake na kungoja amri. Fikira hiyo ina hasara kubwa. Ni maamuzi machache sana ya baraza hilo ambayo mwisho wake haukumfikia askari wa Jeshi au wa Polisi, ama akiwa na bunduki begani akililinda tingatinga, ama akiwa na beleshi mkononi akiitafuta miili ya wananchi.

Baraza lolote la mji huamua mambo makuu mawili. La kwanza ni fedha zitumike wapi. La pili ni ardhi itumike vipi: hapa nyumba, pale viwanda, kule soko, na bonde lile liachwe kwa ajili ya maji. Mara nyingi mambo haya huamuliwa siku mbalimbali na kamati mbalimbali, kana kwamba hayajuani. Sisi twaamini kwamba ni uamuzi mmoja. Azimio la kusema mahali fulani pasijengwe, ikiwa halikutengewa fedha za kuweka alama za mipaka, za kulipa fidia na za kuwalipa wakaguzi wa majengo, hubaki kuwa maneno. Nayo maneno hayo yakishindwa kazi, wanaoitwa ni watu wenye sare.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi jiji letu linavyoendeshwa, kwa maana si kila mpiganaji aliyepangiwa kazi Kampala amezaliwa hapa. Mipaka ya mji ilipanuliwa mwaka 1968 ikaingiza Mengo, Kawempe na Nakawa. Kabla ya hapo palikuwa na tawala mbili ubavuni kwa ubavu: manispaa ya Kampala iliyokuwa na mipango na sheria zake, na Kibuga cha Mengo kilichokuwa chini ya serikali ya Buganda. Maji machafu hayakuujua mpaka huo. Yalitiririka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuomba kibali.

Sheria ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2011, iliiondoa halmashauri ya zamani na kuunda Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, yenye tarafa tano: ya Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Lubaga. Meya Mkuu na madiwani huchaguliwa na wananchi. Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais, na juu yake yupo Waziri anayehusika na Kampala. Makisio ya fedha hujadiliwa barazani kisha hupelekwa Bungeni. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 1.8 wanaolala jijini, lakini kila asubuhi huingia umati mwingine kutoka Wakiso, Mukono na Mpigi, nao hula, hutupa taka na hutumia barabara kama wenyeji.

Kiteezi

Hapana mfano ulio wazi zaidi kuliko jaa la takataka la Kiteezi. Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1996. Lipo upande wa Kasangati katika wilaya ya Wakiso, nje ya mipaka ya Kampala, ingawa uchafu uliolijaza ulitoka Kampala. Kila siku magari yalimwaga huko zaidi ya tani 1,000. Kalooli walitanda juu ya lundo, na chini yao wananchi maskini waliokota plastiki na vyuma chakavu ili wapate chakula cha siku. Pembezoni mwa lundo zilijengwa nyumba, vibanda vya biashara na mazizi ya mifugo, hata pasiwepo nafasi kati ya ukuta wa uchafu na ukuta wa nyumba.

Kwamba jaa limejaa haikuwa siri. Wakuu wa jiji walilisema jambo hilo kwa miaka kadhaa. Ardhi nyingine ilikwisha kununuliwa Ddundu, wilayani Mukono, kwa ajili ya jaa jipya, lakini miaka ikapita na magari yakaendelea kwenda Kiteezi. Mwezi Januari 2024 Meya Mkuu Erias Lukwago alitoa onyo hadharani juu ya hatari iliyowakabili wafanyakazi na wakazi wa mahali pale.

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, lundo lilimeguka. Nyumba zilifukiwa pamoja na waliokuwamo. Idadi ya waliokufa ilifikia 35. Polisi, Shirika la Msalaba Mwekundu na wananchi walichimba, na Rais aliagiza vikosi maalumu vya Jeshi viende kusaidia. Wenzetu walifanya kazi kwa siku nyingi katika harufu isiyoelezeka, wakiinua kwa mikono kile ambacho mashine isingeweza kuinua bila kuudhalilisha mwili wa marehemu. Twawapa heshima yao. Lakini heshima hiyo isitufanye tusahau kuuliza ni kwa nini walilazimika kwenda huko.

Askari aliyewahi kuchimba handaki wakati wa masika atalielewa jambo hili bila kufundishwa. Ukuta wa udongo usioshindiliwa, uliosimama wima na kulowa maji, hauna mwisho mwingine ila kuanguka. Lundo la taka ni baya zaidi, kwa kuwa ndani yake vitu huoza na kuzalisha gesi, na maji yake machafu hulainisha tabaka za chini. Jaa likiendeshwa vyema hufunikwa kwa udongo kila mara, hushindiliwa, huchimbiwa mifereji, hutiwa mabomba ya kutoa gesi, na huzungukwa na eneo lisiloruhusiwa mtu kuishi. Kila kimoja katika hivyo kina bei yake. Udongo hununuliwa, mashine hutaka mafuta, na mwenye nyumba iliyo karibu mno hana budi kulipwa ili ahame. Hapo ndipo mpango wa ardhi na mpango wa fedha hukutana. Palipokosekana fedha za kuwahamisha watu, mpaka wa usalama haukuwapo, hata kama ulichorwa kwenye ramani.

Baada ya ajali, Rais aliuliza ni nani aliyewaruhusu watu kuishi karibu na lundo la hatari namna ile. Aliagiza kila familia iliyofiwa ipewe shilingi milioni 5 kwa kila marehemu, na kila majeruhi apewe shilingi milioni 1. Mwezi Septemba 2024 wakuu watatu wa Mamlaka waliondolewa kazini. Kuhukumu makosa ya mtu mmoja mmoja si kazi ya safu hii. Tunachotaka kusema ni kwamba swali lile la Rais lina jibu la kimpango pia. Jaa lilikuwa la Kampala, lakini ardhi iliyolizunguka ilikuwa ya Wakiso. Aliyekuwa akimwaga taka hakuwa na mamlaka ya kuzuia ujenzi, na aliyekuwa na mamlaka ya kuzuia ujenzi hakuwa mwenye jaa. Ni yale yale ya Mengo na manispaa ya kabla ya 1968.

Na wala haiwezi kusemwa kwamba waliotunga sheria hawakuliona. Sheria ya mwaka 2010 ilikwisha kutaja chombo kimoja cha kupanga ardhi ya Kampala pamoja na wilaya za Wakiso, Mukono na Mpigi. Maandishi hayo yaliitangulia ajali ya Kiteezi kwa karibu miaka 14. Mwaka 2022 Benki ya Dunia nayo iliidhinisha dola za Marekani milioni 566 kwa ajili ya miundombinu ya Kampala na wilaya zinazoizunguka. Fedha hizo ni nyingi, lakini fedha za barabara peke yake haziwezi kumwambia mtu wapi asijenge.

Vinamasi

Mfano wa pili ni vinamasi vyetu. Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima hushusha maji yake bondeni. Mfereji wa Nakivubo huyachukua maji ya katikati ya jiji hadi kinamasi cha Nakivubo, upande wa Luzira, na kutoka hapo huingia katika ghuba ya Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko yanakovutwa maji ya kunywa ya jiji. Kwa hiyo yale mafunjo yanayoonekana kuwa pori lisilo na faida ni chujio lililosimama kati ya choo cha mwananchi na kikombe chake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walikadiria faida ya kinamasi cha Nakivubo katika kusafisha maji hayo kuwa kati ya dola milioni 1 na dola milioni 1.75 kwa mwaka. Hiyo ndiyo gharama ambayo jiji lingeibeba kama lingelazimika kuifanya kazi hiyo kwa mitambo. Kinamasi kinaifanya kazi hiyo bila mshahara na bila sare. Baraza linapokubali kipande chake kijazwe udongo, linatia sahihi matumizi ambayo hayakuandikwa katika makisio ya mwaka wowote.

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba Serikali, ya kitaifa au ya mitaa, huvishika vinamasi kama amana kwa ajili ya wananchi wote. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kufuta hati za ardhi zilizotolewa kinyume cha sheria katika vinamasi baada ya mwaka huo wa 1995. Hata hivyo ujenzi uliendelea. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliwaondoa watu katika kinamasi cha Lubigi, na ulinzi wa kazi hiyo ulikuwa mikononi mwa askari. Nyumba zilivunjwa mbele ya wenyewe. Mama aliyejenga vyumba viwili kwa akiba ya miaka kumi hamjui ofisa aliyefumba macho wakati msingi ukichimbwa. Anamjua askari aliyesimama mlangoni siku ya kuvunja. Chuki yote ya uzembe wa miaka mingi humwangukia kijana aliyefika pale asubuhi hiyo kwa amri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba usipomzuia mtu kuchimba msingi, itakubidi umvunjie nyumba. La kwanza lahitaji mkaguzi mmoja mwenye pikipiki na mshahara unaofika kwa wakati. La pili lahitaji tingatinga, kikosi cha askari, mahakama, na jeraha litakalobaki katika moyo wa mwananchi.

Na upo upande mwingine wa jambo hili. Mwezi Julai 2011 wakazi wa nyumba za halmashauri za Naguru na Nakawa walihamishwa ili pajengwe mji mdogo wa kisasa. Walikuwamo watu waliozaliwa katika nyumba zile. Kwa miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilibaki nyasi. Tena, Januari 2022, wachuuzi waliondolewa katika barabara za katikati ya jiji ili pawe na utaratibu. Utaratibu ni jambo jema na hatulipingi. Lakini mchuuzi aondolewapo njiani bila nafasi ya soko anayoweza kuilipia, hurudi njiani jioni, na askari wa zamu ya usiku huanza upya kazi ya askari wa zamu ya mchana. Kuhamisha watu kabla ya kuwa tayari na kinachofuata ni sawa na kuteka kilima bila mpango wa kukishikilia.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli, wala hakuna mji wa Afrika Mashariki ambao fedha zake zinatosha. Lakini uhaba ndio unaofanya mpangilio uwe wa lazima. Twaona mara kwa mara kwamba barabara mpya hupata fedha upesi kuliko mfereji, na jengo jipya upesi kuliko jaa. Sababu yake haifichiki: hakuna aliyewahi kualikwa kukata utepe wa jaa la takataka. Diwani anayeipigania bajeti ya mifereji hapati shangwe, kwa kuwa ushindi wake ni mafuriko ambayo hayakutokea Bwaise. Kazi ya namna hiyo sisi twaielewa, maana hata lindo jema ni lile ambalo asubuhi halina la kuripoti.

Wajibu wetu

Yupo atakayeuliza: askari ana haki gani ya kusema juu ya baraza la mji? Jibu lipo katika Katiba. Ibara ya 208 inataka Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda lisifuate chama chochote, liwe la taifa zima, lenye nidhamu, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Kwa hiyo hatumwambii diwani apige kura upande gani, wala hatushiki upande katika mabishano ya vyama barazani. Ibara ya 209 nayo inatuagiza kushirikiana na mamlaka ya kiraia wakati wa dharura na maafa. Ibara ya 212 inaikabidhi Polisi ulinzi wa maisha na mali. Anayeagizwa kwenda kuokoa ana haki ya kuomba kwamba maafa yanayozuilika yazuiliwe. Hilo si siasa.

Kwa madiwani na watendaji tuna ombi moja lenye sehemu mbili. Kila azimio la kugawa maeneo liandikwe pamoja na kiasi cha fedha kitakacholitekeleza na ofisi itakayoulizwa. Na kabla ya kuomba askari waje kuwaondoa watu, orodha ya hatua zilizotangulia ionyeshwe: notisi ilitolewa lini, fidia ililipwa au haikustahili, na watu wanakwenda wapi. Mwaka 2021 Jaji Mkuu alitoa maelekezo juu ya utaratibu wa kuwaondoa watu katika ardhi. Yafuatwe. Operesheni isiyo na karatasi humwachia askari lawama zote.

Kwa ndugu zetu wa Jeshi na Polisi maneno yetu ni makali zaidi, kwa kuwa nyumba husafishwa kuanzia ndani. Sare haikodishwi. Malalamiko ya wananchi juu ya mtu mwenye bunduki anayelinda malori yanayomwaga udongo kinamasini usiku, au anayekaa katika kiwanja chenye kesi kwa malipo ya tajiri, hutufikia sisi wa ofisi za uhusiano, na huondoa kwa siku moja heshima iliyojengwa Kiteezi kwa majuma. Askari akiambiwa aende kulinda kiwanja, amuulize mkuu wake amri imetoka wapi na imeandikwa wapi. Kuuliza hivyo kwa adabu hakuvunji nidhamu. Na mkuu aliye safi hatalikimbia swali hilo.

Tena, wengi wetu ni wanunuzi wa viwanja. Mpiganaji hukopa Wazalendo SACCO, na askari polisi hukopa Exodus SACCO, akitaka kujenga kabla ya kustaafu. Dalali humpeleka wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, bei ikiwa rahisi, na hati ikiwa na mhuri. Hatupendi kuona jasho la miaka ishirini likizama. Kabla ya kutoa shilingi, hati ichunguzwe katika ofisi ya ardhi, na mpima ramani wa jiji au wa wilaya aulizwe kama mahali pale ni kinamasi au ni hifadhi ya barabara. Kisha mnunuzi arudi mwenyewe wakati wa mvua na kuzungumza na wazee wa pale pamoja na mwenyekiti wa LC1. Bei rahisi ya kiwanja cha bondeni ina sababu yake, na sababu hiyo huja na masika.

Kambi zetu nazo ni sehemu ya jiji. Mbuya, Naguru na Nsambya zinatoa taka na majitaka kama mtaa wowote. Kamanda anayehakikisha kwamba taka za kambi zinatenganishwa na mitaro yake haizibi, amepunguza mzigo wa jaa ambalo kesho huenda vijana wake wakaitwa kulichimba. Na familia zetu zinazoishi mitaani zina haki kama raia wengine kuhudhuria mikutano ya mtaa na kuuliza fedha za tarafa zilikwenda wapi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Jiji halijengwi kwa tingatinga, wala halilindwi kwa bunduki peke yake. Hulindwa siku ile madiwani wanapokaa na ramani na makisio juu ya meza moja, wakajiuliza kama kila mstari waliouchora umepata shilingi ya kuushikilia. Twawaomba wafanye hivyo katika kila kikao cha makisio. Nasi, tukiitwa, tutakwenda, kwa kuwa ndicho kiapo chetu. Lakini wale 35 wa Kiteezi hawakuhitaji ushujaa wetu. Walihitaji mpaka wa usalama, udongo wa kufunikia taka, na mtu mmoja mwenye madaraka wa kuwaambia kwa wakati: hamieni pale, na fedha za kuhamia ni hizi.